Flashi ya Papa na Nyimbo za Koko

Juzi fundi alikuja kazini kwetu, hapa Nundu, kufungua kompyuta ya zamani iliyokuwa imesahauliwa kwenye pembe ya ofisi. Alipoondoa ubavu wake wa bati na kupuliza ndani, vumbi la kijivu lilitoka, na nyuma ya vumbi ikafuata harufu: vumbi lililoungua, plastiki iliyopata moto, wino mkavu. Wenzangu walikohoa wakatoka nje. Mimi nilibaki palepale nikivuta pumzi, kama mtu aliyesimama karibu na mwanamke anayekaanga mandazi. Fundi aliniuliza kama niko mzima. Nilimjibu kwamba niko mzima kabisa. Ningemwambia nini zaidi? Ile ilikuwa harufu ya mama yangu akiwa kazini, harufu ya nguo zake akirudi nyumbani jioni, na utoto wangu wote niliamini kwamba kila mama ananukia hivyo.

Sisi tuliokulia katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, wakati ule, kabla kila mtu hajatembea na intaneti mfukoni, tunajua secrétariat ni nini. Ni kibanda. Cha Mama kilikuwa cha mbao na bati, kando ya barabara inayokwenda sokoni, na mlangoni kulikuwa na ubao aliouandika mwenyewe kwa rangi ya buluu: tunaandika, tunachapa, tunatoa fotokopi, tunachaji simu, tunaweka muziki. Nyuma ya kibanda groupe yetu, jenereta ndogo ya petroli, ilinguruma kutwa na kuutetemesha ukuta, hata ukiegemeza kichwa kwenye mbao meno yalikuwa yanagongana. Ndani kulikuwa na meza, printa, benchi la wateja, na kompyuta.

Kompyuta ile ilitoka Bujumbura, imeshatumiwa na watu wengine mpaka herufi nyingine zilikuwa zimefutika kwenye kibodi. Mama hakuhitaji kuziona. Shida haikuwa herufi, shida ilikuwa mwendo. Asubuhi aliiwasha, akatoka nje, akawasha mbabula yake ya makaa, akapuliza moto mpaka ukashika, akaweka chai, akasalimiana na wapita njia na kuulizana habari za wagonjwa, na aliporudi ndani alikuta kile kiduara kidogo bado kinazunguka kwenye kioo. Alizungumza nayo kama unavyozungumza na mbuzi aliyegoma njiani. "Twende, mama," aliiambia. "Twende polepole, lakini twende."

Papa hakuwa nasi muda mwingi. Alikuwa mwalimu kule Kilembwe, mbali na ziwa, na alishuka Baraka shule zikifungwa tu. Alichotuachia ni flashi. Ilikuwa nyekundu, imefungwa kwa kamba ya kiatu, ikining'inia kwenye msumari juu ya meza ya Mama, na ilikuwa mwiko kuichezea. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Koko, mama yake mzazi, nyanya yangu wa Swima.

Koko alikuwa mwimbaji wa harusi. Hakuwa na bendi wala kipaza sauti. Alikuwa na mdomo wake na makofi ya wanawake waliomzunguka, basi. Aliimba kwa Kibembe, akitunga maneno palepale: akimtania bwana harusi kwa miguu yake myembamba, akiwasema mashemeji wavivu, akimsifu bibi harusi mpaka machozi yanamtoka. Papa alizirekodi nyimbo hizo kwa simu, harusi baada ya harusi, na simu ile ilipokufa zilibaki kwenye flashi peke yake. Wimbo mmoja ulikuwa mrefu kuliko zote. Koko aliuimba siku Papa na Mama walipobariki ndoa yao kanisani, mimi nikiwa tayari mtoto wa kutembea, na unanisikia humo ndani nikilia kutaka kubebwa. Papa kila alipofika kutoka Kilembwe, kabla hata ya kuvua viatu, alimwomba Mama amwekee ule wimbo.

Basi, mwaka mmoja, shule zikikaribia kufungwa, alikuja kwenye kibanda direkta wa shule moja ya msingi. Alibeba fungu la karatasi zilizoandikwa kwa mkono na walimu wake.

"Mama Sifa," alisema, "hii ni mitihani ya batoto bote, kila darasa. Ijumaa ikuwe tayari."

"Itakuwa tayari, Direkta."

Direkta aliitazama kompyuta. Kiduara kilikuwa kinazunguka. Akageuka akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kijana mmoja alikuwa amefungua secrétariat yake wiki chache nyuma, yenye laptopu mpya na kiyoyozi cha kadibodi, yaani mdogo wake aliyekaa pembeni akimpepea.

"Bale bako na mashini mupya," alisema. "Mi nimekuya kwako juu unatuandikiaka tangu zamani. Lakini batoto habawezi kungojea mashini."

Alisema bila ubaya. Hata hivyo Mama alikaa muda mrefu baada ya yeye kuondoka, mikono mapajani, na mimi niliyekuwa mlangoni nilijua kuna jambo, kwa sababu chai ilichemka ikamwagika na hakuiinukia. Mshahara wa mwalimu ulikuja ulipotaka wenyewe. Kilichotupikia kila siku ni kibanda kile. Na direkta mmoja akihama, madirekta wengine wangefuata.

Alianza kuandika siku ileile. Alipiga swali zima la hesabu, kioo kikabaki cheupe kana kwamba hajagusa kitu, halafu ghafla herufi zote zikatoka pamoja, nusu yake zimekosewa. Akafuta. Mashine ikafikiri. Akafuta tena. Akitaka kuchora pembetatu, alikuwa na muda wa kutoka kunawa uso. Kufikia jioni alikuwa amemaliza ukurasa ambao angeuandika kwa mkono wakati wa kumenya ndizi.

Kesho yake akafika Tonton Amuri. Huyu alikuwa mdogo wake Mama, mwanafunzi wa kompyuta Uvira, kijana wa maneno mengi na viatu vilivyochongoka. Alikuja kutusalimia tu, lakini hakuna aliyemsalimia Mama wiki ile bila kupewa kazi. Aliivua kompyuta ubavu, akaichungulia kwa tochi ya simu yake, simu ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka na haikukubali tena kadi yoyote, na akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Yaya," alimwambia Mama, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mashini yako haina ugonjwa. Ni memwari ndogo. Inahitaji kuongezewa, na ile ya aina hii hata Uvira haiko. Labda Bujumbura."

"Ijumaa nitakuwa nimefika Bujumbura?"

"Ngoja. Kuko namna ingine. Tutumie flashi."

Mama alimwangalia kama mtu aliyependekeza kutibu malaria kwa sabuni. Tonton akavuta benchi, akaeleza, na maelezo yale nimeyasikia tangu hapo kwa watu wenye diploma kubwa, lakini hakuna aliyeyaweka wazi vile.

"Chukulia mashini ni mama anapika," alisema. "Memwari ni meza yake, na meza ni ndogo. Akitaka chumvi, anaenda mpaka mu depo. Akitaka mafuta, anaenda tena mu depo. Depo njo diski, na iko mbali. Sasa flashi ni kameza kadogo tunamuwekea pembeni. Haitamupa mikono mingi. Lakini chumvi itakuwa karibu."

"Na itaenda mbio?"

"Mbio, hapana. Itatembea. Sasa hivi inatambaa."

Mama alisema ajaribu, akatoka kushughulikia mbabula. Mimi nilikuwa nje vilevile, nimechuchumaa juu ya ungo, nikichambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikiwatoa mchanga. Tonton alibaki ndani na kikopo cha flashi zilizoachwa na wateja ili zisafishwe virusi. Kompyuta kwanza huipima flashi kama ina kasi ya kutosha, na isipotosha huikataa. Akachomeka ya kwanza, akangoja, akapaza sauti ili Mama asikie.

"Inasema haina sifa."

Nikainua kichwa. Akachomeka nyingine.

"Yaya, hata hii. Haina sifa."

Jina langu ni Sifa. Hakuna Sifa mwingine kwenye kibanda kile, na katika barabara nzima nilikuwa peke yangu. Nilisikiliza kwa makini. Akachomeka ya tatu, akagonga meza kwa kidole, akasema kwa uchovu, "Hii mashini inataka sifa tu. Bila sifa haikubali."

Niliweka ungo chini, nikafuta mikono kwenye nguo, nikaingia ndani na kukaa kwenye mwisho wa benchi, karibu kabisa na kompyuta, mgongo wima kama mtoto anayepigwa picha. Tonton hakuniuliza kitu. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye msumari, kwenye flashi nyekundu. Aliitungua, akaichomeka, na tulingoja, mimi nikiwa nimeshikilia pumzi.

"Ah," alisema. "Hii sasa iko na sifa."

Niliona joto likinipanda masikioni. Niliitazama kompyuta kwa namna mpya. Kumbe siku zote ilikuwa inanihitaji, na hakuna aliyekuwa amefikiri kuiuliza.

"Lakini imejaa," Tonton aliongeza. "Yaya, kuya uone. Ni manyimbo ya mama mukwe wako. Tutoe, tupate nafasi."

Mama aliingia mbio na kijiko mkononi. "Ile haiguswi," alisema. "Papa Sifa atanifukuza mu nyumba na mashini yangu kichwani."

"Haitapotea. Nitaiweka mu diski."

"Diski yenyewe njo ilikula kitabu ya kumaliza masomo ya ule mwanafunzi wa Kilembwe. Umesahau? Alilia hapa mulangoni na tai yake."

Walibishana kidogo. Flashi za wateja hazikufaa, zilikuwa za watu na zilikuwa na virusi. Simu ya Mama ilikuwa ya tochi na vitufe. Hatimaye Mama, ambaye alikuwa anazifikiria karatasi za direkta zilizolala mezani, alikata shauri kwa njia yake. Nyimbo zingewekwa kwenye diski, sawa. Lakini pia kila mteja atakayekuja leo kuwekewa muziki kwenye simu yake atawekewa Koko, bure. "Diski ikikufa," alisema, "batu habatakufa bote siku moja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kutwa ile vijana wa pikipiki, ambao tunawaita bamotari, walikuja kwa nyimbo za Kinshasa wakaondoka na nyanya yangu. Kwanza walikunja uso. Kisha Mama aliwasikilizisha ule wa shemeji mvivu, anayeamka asubuhi kutafuta kivuli cha kulala mchana, na walicheka mpaka mmoja akashikilia mlango. Akaja mama mmoja muuza ndagala, akataka wa bwana harusi mwenye miguu myembamba, akidai mume wake anauhitaji. Wakachukua, wakaelekezana, wakarudi na wenzao. Kadi zao zilikuwa ndogo, kwa hiyo karibu kila mmoja alichagua mifupi, ile ya kuchekesha. Jioni flashi nyekundu ilikuwa tupu. Tonton alibonyeza hiki na kile, akaipa kompyuta, na kitaa chake kidogo kikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama jicho la mtu anayekonyeza.

Sitadanganya kwamba ilikuwa muujiza. Kiduara hakikuhama nchi. Lakini Mama alipobonyeza herufi, herufi ilitoka. Alipofungua ukurasa wa pili, wa kwanza haukuganda. Aliandika swali, akaandika lingine, akasimama kidogo akatazama vidole vyake, akaendelea, na sauti ya kibodi ikawa kama mvua inayoanza juu ya bati na kuamua kunyesha kweli.

Na mimi nilikaa. Asubuhi niliwahi kibandani kabla ya kuitwa, nikakalia mwisho wangu wa benchi. Rafiki zangu walikuja kuniita tukaogelee ziwani, nikawaambia niko kazini. Chakula nililetewa palepale. Maji ya kunywa niliyakataa, kwa hesabu ambayo mtoto yeyote angeielewa: anayekunywa hutoka. Lakini mwili una mambo yake. Siku ya pili, mchana, nilianza kubadilisha miguu, mmoja juu ya mwingine, mpaka Tonton akaniuliza nina nini.

"Nataka kwenda choo," nilimnong'oneza.

"Si uende?"

"Na mashini?"

"Mashini nini?"

"Si itasimama? Ulisema mwenyewe bila Sifa haikubali."

Tonton alinitazama, akaitazama kompyuta, na maana ikamwingia taratibu kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye benchi na viatu vyake vilivyochongoka vikabaki juu. Nilijua nimesema kitu cha kijinga ila sikujua kipi, na machozi yalikuwa yananikaribia. Mama hakucheka. Hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi.

"Amuri, acha mutoto," alisema. "Sifa, enda choo haraka, halafu urudi hapa. Wewe ukikaa karibu, mi naandika muzuri."

Nilikimbia, nikarudi nikikimbia. Nilipoketi, kioo kilikuwa kinatembea vilevile, na niliona kwamba kompyuta imenivumilia kwa huruma tu.

Alhamisi jioni printa ilitema karatasi ya mwisho. Ijumaa direkta alipokuja, alikuta mafungu yamepangwa kwa madarasa, yamefungwa kwa uzi, na pembetatu zote zina pembe zake. Alizigeuzageuza akitafuta kosa, kama walimu wanavyofanya, hakuliona. "Muhula ingine nitaleta mapema," alisema, na Mama alimsindikiza mpaka barabarani, kitu ambacho hakuwa akimfanyia mteja yeyote.

Siku ya Jumamosi groupe ilikohoa, ikanguruma kwa nguvu kuliko kawaida, taa ikawaka nyeupe kabisa, halafu vyote vikazima. Kompyuta ilipowashwa tena kwa betri ya jua ya jirani, ilitoa mlio wa kukwaruza, kama ukucha juu ya sufuria. Tonton aliweka sikio kwenye bati lake.

"Diski imeenda," alisema.

Mama alishika msumari uliokuwa mtupu. Mitihani ilikuwa imeshachukuliwa, nafikiri hilo lilimfariji. Ndani ya ile flashi nyekundu hamkuwa na wimbo hata mmoja, mlikuwa na faili moja kubwa la kompyuta ambalo hakuna mwanadamu angeweza kulisoma. Na Papa, ambaye shule yao ilikuwa imemaliza mitihani mapema, alikuwa njiani kutoka Kilembwe.

Alifika kesho yake jioni, mwekundu wa vumbi la barabara toka nywele hadi soksi. Alikaa, na kabla ya viatu, akaomba Koko. Mama hakuzunguka. Aliweka bugali na samaki mezani, akakaa mbele yake, akamwambia yote kwa mpangilio: direkta, flashi, bamotari, groupe. Papa alisikiliza bila kugusa chakula.

"Hata ule murefu?" aliuliza.

"Hata ule."

Papa alivuta sahani karibu. Kisha alimega bugali. "Nani walichukua?" aliuliza, na Mama akaanza kumtajia.

Asubuhi tulitoka, Papa na mimi, yeye na simu aliyoiazima kwa mwalimu mwenzake. Sijawahi tena kuiona Baraka vile. Kwenye kituo cha pikipiki tuliwakuta vijana wamekalia vyombo vyao, na kabla hatujafika tulisikia sauti ya Koko ikitoka mfukoni mwa mmoja wao, ikimsema shemeji mvivu. Papa alisimama katikati ya barabara. Motari akajieleza haraka, akidhani amekosa.

"Papa, mi nilipewa bure na Mama Sifa."

"Najua. Naomba unirudishie tu," Papa alisema. "Ule ni mama yangu."

Kijana alimtazama vizuri. "Huyu mama ni wako kabisa? Basi ule shemeji ni nani?"

Papa alilazimika kucheka, maana shemeji alikuwa ndugu wa baba yake. Wakamtumia wimbo, na mwingine akaleta wake, na wa tatu akaacha abiria wake akisubiri. Sokoni yule muuza ndagala alifuta mikono yenye magamba, akatoa simu kutoka kifuani, akatupa bwana harusi mwenye miguu myembamba, na akatueleza kwamba mume wake ameacha kuvaa kaptula. Tulipita kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, kwa wauza sukari. Moja baada ya moja nyimbo zilirudi. Mfupi huu, mfupi ule. Kila tulipomuuliza mtu kuhusu ule mrefu, alitikisa kichwa. Motari mmoja tu alikuwa amewahi kuuchukua.

"Ule wa kanisani? Niliufuta," alisema kwa aibu. "Ulikuwa unakula nafasi."

Tulirudi kibandani mchana. Papa hakulalamika, lakini alikaa kwenye benchi akiisikiliza mifupi kwa namna ya mtu anayekula wali bila mchuzi. Mama alijifanya anapanga karatasi. Ndipo pikipiki ikasimama mlangoni, na juu yake, akiwa na kikapu cha mihogo mapajani na kitambaa kimefungwa kidevuni kwa ajili ya upepo, alikuwa Koko mwenyewe. Alikuwa amekuja kutoka Swima kumwona mwanawe.

Hakusalimia. Alimnyooshea motari kidole.

"Huyu mutoto," alisema, "amenipigia sauti yangu mu njia yote. Mi namwambia, punguza, ule mama anafanya fujo. Ananijibu, Koko, wewe hauwezi kumujua, ule ni mwimbaji mukubwa wa Baraka."

Motari alivua kofia yake, akatazama ardhi. Koko alifungua kitambaa chake kidevuni. "Ni kweli hatufanane," alimwambia. "Mu simu niko kijana." Akampa muhogo.

Aliposhuka na kunawa miguu na kula, Papa alimweleza. Alieleza kwa sauti ya mtoto, sikujua bado kwamba baba wa mtu anaweza kuwa na sauti ile. Ule wa kanisani umepotea, alisema. Kila mahali wametafuta. Hauko.

Koko aliendelea kutafuna. "Mumetafuta wapi?"

"Mu masimu ya batu. Soko yote."

"Na mi niko wapi?"

Papa aliinua uso.

"Mi niko hapa," Koko alisema. "Juu ya nini munanitafuta kwa bauza sukari?"

Aliagiza groupe, ambayo Tonton alikuwa ameitengeneza ili tuendelee kuchaji simu, izimwe. Kibanda kilipotulia, tulisikia hata ziwa. Papa akanyoosha simu aliyoiazima, na Koko akafunga macho akaanza. Mwanzo ulikuwa uleule. Lakini baada ya ubeti wa kwanza njia ikageuka, maneno yakawa mengine, na Papa akashindwa kuvumilia.

"Mama, haikuwa vile."

Koko alifungua jicho moja. "Ile siku ulikuwa unaoa," alisema. "Leo unaoa nani?"

Akaendelea. Aliimba kuhusu mwanamume aliyeshuka kutoka Kilembwe na vumbi masikioni, akapita sokoni akiwauliza watu, mumemwona mama yangu, mumemwona mama yangu, wakati mama yake yuko njiani na mihogo. Aliimba kuhusu mkwe wake, binti anayetwanga herufi kama wenzake wanavyotwanga sombe, yaani kisamvu, na watoto wa shule wanakula. Mama alikuwa amesimama na karatasi mikononi. Katika harusi yao, nimeambiwa, alilia wimbo mzima. Safari hii alianza kupiga makofi, kwanza polepole, halafu kwa mdundo, na wimbo ulipofika sehemu ya kuitikia aliitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, nene na yenye furaha. Muuza chai wa jirani akaingia. Tonton akaingia na viatu vyake. Motari, ambaye alipaswa kuwa ameondoka zamani, alinyoosha simu yake juu ya vichwa vya watu.

Wimbo ule wa pili ndio tulio nao. Unapigwa harusini mpaka leo, na Koko, ambaye sasa pumzi yake imekuwa fupi na anaimba ubeti mmoja tu kisha anataka chai, huwasahihisha wanaouimba vibaya. Ule wa kanisani hatukuupata tena. Papa amestaafu, yuko Baraka siku zote, anakaa na Mama jioni nje ya kibanda. Sijamsikia hata mara moja akiuulizia.